Baba Yupo?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya vikundi vya wakulima wa nyanda za Kano, katika uwanja wa shule ya msingi karibu na Ahero, Kaunti ya Kisumu. Wengi walitaka kuja wakazuiwa na barabara. Wengine walikuwa shambani, kwa sababu palizi haingoji mkutano. Naiweka hapa yote kwa ajili yao, kama nilivyoisema.

Bwana Chifu, wazee wa mitaa, viongozi wa vikundi, wachungaji mliopo, akina mama, akina baba, vijana wangu: oyawore uru. Na ninyi mliosafiri kutoka upande wa Vihiga, mulembe.

Kabla sijasema lolote, naomba mgeuke nyuma mtazame ukuta wa darasa lile la pili. Geukeni tafadhali, hata ninyi wazee. Mnauona ule mstari wa kahawia uliopita chini ya dirisha? Mwalimu mmoja ameniambia wameupaka rangi mara mbili na bado unajitokeza. Maji ya mafuriko yalifika hapo. Sasa tazameni kitasa cha mlango kiko wapi. Kiko chini ya mstari. Mtoto wa gredi ya kwanza akisimama pale mlangoni, mstari ule unampita utosini.

Kila nyumba hapa ina mstari wake, najua. Nimewaomba muutazame huu kwa sababu leo nazungumza juu ya mambo mawili ambayo redio imeyasema mpaka masikio yamechoka: mabadiliko ya tabianchi, na usawa wa kijinsia. Watu huyatenga. La kwanza wanampa mtu wa hali ya hewa, la pili wanawaachia akina mama wakalizungumze peke yao kwenye chama. Mimi nimekuwa afisa wa kilimo wa nyanjani kwa miaka 31, Nyando hapa, Vihiga na Bunyala. Nimestaafu nikiamini kwamba huku mashambani hilo ni jambo moja, na ukilitenga hutapata dawa ya upande wowote.

Nianze na swali. Swali hilo nimeliuliza mimi mwenyewe maelfu ya mara. Nafika bomani, nazima pikipiki, navua kofia, na neno langu la kwanza ni hili: "Hodi! Baba yupo?"

Baba yupo? Mama amesimama mbele yangu, jembe mkononi, matope mpaka magotini, na mimi namuuliza kama mwenye shamba yupo. Akisema yupo, naletewa kiti, baba anaitwa, tunazungumza mbegu na mbolea, anatia sahihi kitabu changu, na mama analeta chai. Akisema hayupo, nafungua fomu yangu na kuandika: mkulima hakupatikana.

Mkulima hakupatikana. Naye alikuwa amesimama mbele yangu! Nimeandika maneno hayo kwa mkono huu, miaka na miaka, na hakuna mkubwa wangu hata mmoja aliyewahi kunirudishia fomu akaniuliza, je, yule aliyekuambia hayupo alikuwa akifanya nini pale shambani?

Nitawaambia siku niliyoacha kuliuliza swali hilo.

Wakati huo tulikuwa tukifundisha njia ya kupambana na kayongo. Vijana, kama hamlijui, kayongo ni lile gugu la maua ya zambarau linaloota kwenye mahindi, zuri kwa macho. Chini ya udongo limeng'ang'ania mizizi ya mahindi linanyonya. Mmea mmoja hudondosha maelfu kwa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mahindi yapandwe. Hulipenda shamba lililochoka, na mvua ikikatika katikati ya chwiri, yaani msimu wa vuli, mahindi yakiwa dhaifu, ndipo linapoyamaliza. Watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe kule Mbita, pamoja na wenzao wa Kenya na Uingereza, waligundua kwamba ukipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua. Mizizi yake nayo huziamsha mbegu za kayongo, zikaota na kufa kabla hazijapata pa kushika. Ukizungushia majani ya nepia pembeni, nondo huvutwa huko na kutaga mayai huko, na funza wengi hufia humo. Desmodiamu hiyohiyo hulifunika shamba udongo usikauke, huurutubisha, na ng'ombe anaila. Kwa mvua hizi za siku hizi ambazo hazina ahadi, sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mwenye shamba la ekari moja.

Basi nilimfundisha baba mmoja kule Vihiga. Mtu mwema na msikivu, kila nilichosema alikiandika kwenye daftari. Wiki tatu baadaye alipata kibarua kwenye mashamba ya maua Naivasha, akaondoka, na daftari likiwa kwenye begi lake. Niliporudi shamba lote lilikuwa zambarau. Mkewe ameinama, anang'oa kayongo kwa mkono, shina baada ya shina, na mtoto mgongoni. Nikasimama kwenye ukingo wa shamba, na kama kawaida yangu nikasema: "Hodi mama, baba yupo?"

Akanyanyuka. Hakuwa na hasira. Akaniambia, "Mwalimu, baba yuko Naivasha. Aliyeko ni mimi. Wewe unamtaka nani?"

Wewe unamtaka nani? Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Miaka imepita na swali hilo bado linaniuliza.

Siku hiyo niliweka pikipiki chini ya mti, nikaingia shambani, tukaanza upya, yeye na mimi. Alijifunza upesi kuliko mumewe, kwa sababu alilijua shamba lake hatua kwa hatua: hapa maji hutuama, hapa udongo mwekundu, hapa kayongo lilianzia mwaka gani. Msimu wa kwanza desmodiamu ilisuasua, ndivyo ilivyo. Msimu wa pili ilishika. Kayongo likapungua, akavuna, akaanza kukata malisho ya ng'ombe mmoja wa maziwa aliyempata kupitia chama chao. Nikawa nawapeleka wakulima wengine wakajifunze kwake.

Msimu wa tatu nilifika nikakuta shamba limelimwa kwa maksai, na mizizi ya desmodiamu imelala juani.

Nani alilima? Shemeji yake. Kwa nini? Sikilizeni sababu, maana hapa ndipo penye kiini cha yote ninayowaambia leo. Mama akipanda mahindi, hakuna mwenye shida. Mahindi ni ya msimu mmoja, yanavunwa, shamba linabaki la wenyewe. Akipanda kitu kinachokaa ardhini miaka mitatu, minne, watu wanaanza kunong'ona: huyu anajitafutia shamba. Desmodiamu ile ilionekana kama beacon ya mpaka. Ndiyo sababu iling'olewa.

Sasa nambieni ninyi mliokaa na wataalamu wa tabianchi. Wanawashauri nini? Pandeni miti. Chimbeni mitaro ya kukinga maji. Jengeni matuta. Wekeni samadi mwaka baada ya mwaka udongo urudi. Kuna hata kimoja hapo cha msimu mmoja? Hakuna. Kila kinga dhidi ya jua na mafuriko ni kitu cha kudumu, na anayelima kila siku ndiye asiyeruhusiwa kuweka kitu cha kudumu. Mwaka 2018 shirika la Kenya Land Alliance lilichapisha uchambuzi wa hati za ardhi zilizotolewa nchini kati ya 2013 na 2017. Katika karibu hati milioni moja walizozichambua, za akina mama zilikuwa asilimia 10.3. Ukipima ukubwa wa ardhi yenyewe badala ya kuhesabu karatasi, fungu lao lilikuwa asilimia 1.62. Moja nukta sita mbili! Mkono unaoshika jembe na mkono unaoshika hati si wa mtu mmoja, kisha tunashangaa udongo wetu unaishia Ziwa Victoria.

Na miti je? Miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa kuni kule Kakamega. Waliufungua wakakuta ajabu: mashamba yana miti, imesimama wima, na akina mama wanatembea mbali kutafuta kuni. Miti ile ilikuwa ya baba, ya kuuza nguzo na mbao. Mama kupanda wake ilikuwa mwiko. Ilisemwa akipanda mti atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Basi wale wa mradi wakaleta kaliandra na sesbania, mimea inayokua haraka, ambayo kwa macho ya watu ilikuwa vichaka tu. Kichaka hakina mwiko. Mama akapanda kichaka, akapata kuni karibu na nyumba.

Nawasifu kwa hekima hiyo. Hata hivyo inaniuma kwamba ilibidi mti uitwe kichaka ndipo mama aruhusiwe kupikia watoto wake. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, kina mama wa vijijini ndio waliochukua miche wakaiotesha kwa mamilioni, na mwaka 2004 dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sasa niwaulize akina mama wa Kano, kwa heshima: ni wangapi hapa wanaweza leo kupanda mti wa siala kwenye mpaka wa shamba bila kumwomba mtu? Inueni mikono.

Naiona mitatu.

Na kumbukeni kuni si jambo dogo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba mashambani zaidi ya kaya 8 kati ya 10 hupikia kuni. Kila kiangazi kikirefuka, msichana wa nyumba hiyo anaongeza kilomita, kwa kuni na kwa maji. Kaka yake yuko kwenye meza anasoma.

Sasa nirudi kwenye ule ukuta.

Wazee wangu watasema mafuriko hayakuanza leo, na ni kweli. Wapo hapa wanaoikumbuka ile mvua ya wakati wa uhuru, kati ya 1961 na 1964, ziwa lilipopanda likafukuza watu. Lakini sikilizeni. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja tu, huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na kilichobebwa angani lazima kishuke. Mwishoni mwa 2019 upande wetu wa Bahari Hindi ulipata joto kupita kawaida, vuli ikamwagika kama masika, masika yakaja juu yake, na kufika Mei 2020 kimo cha ziwa kikafikia kile cha 1964. Kilichokuwa hadithi ya babu kimekuwa cha mjukuu. Mwaka 2024 tukafurika tena. Na sisi wa Kano tuna msiba wetu wa pekee: mvua inyeshe milimani Nandi na Tinderet, huku kwetu jua linawaka, na usiku mto Nyando unatufikia kitandani.

Kwa hiyo onyo ni uhai. Onyo linalotangulia maji kwa saa sita tu linatosha kuokoa watoto, mifugo na magunia. Swali ni moja: onyo linamfikia nani?

Nawajua wanandoa fulani, na wamenipa ruhusa niseme bila kuwataja. Baba ni dereva wa lori Nakuru. Mama yuko hapa na watoto wawili na mbuzi saba. Ujumbe wa onyo ulitumwa, na ulifika vizuri kabisa, kwenye simu iliyosajiliwa kwa jina la mwenye boma. Ile ya baba. Yeye alikuwa njiani. Aliuona saa tano usiku aliposimama kula. Akapiga simu nyumbani, haipatikani. Akapiga tena. Simu ya mama ilikuwa imeachwa kwenye kibanda cha kuchaji pale sentani, kwa shilingi ishirini, ichukuliwe kesho.

Je, mama hakujua? Alijua! Mchana alipokwenda kuchota maji aliona mto umebadilika rangi, unaleta majani mabichi ya juu milimani. Aliona siafu wanapanda ukuta wa jikoni na mayai yao. Alitaka kuwapeleka mbuzi kwa dada yake upande wa mwinuko. Kwa nini hakuwapeleka? Kwa sababu mbuzi ni wa baba, na mbuzi wa baba hawahamishwi bila neno la baba. Alisubiri neno. Neno lilikuwa Nakuru, kwenye simu, likitafuta mtandao. Saa nane usiku akatoka na watoto, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, maji kiunoni. Mbuzi walikuwa wamefungwa. Asubuhi waliwakuta saba wote kwenye kamba zao.

Niseme jambo juu ya huyo baba, maana mgala muue na haki umpe. Alikaa ndani ya lori kando ya barabara usiku kucha akipiga simu isiyopatikana. Aliniambia alipiga mpaka chaji yake nayo ikaisha. Mpangilio huu ulimwonea yeye pia. Angekuwa alimwambia mkewe siku moja tu, "Mama, ukiona hatari, amua", angelala usiku ule.

Kule Bunyore wazee wa ukoo wa Nganyi wamesoma mvua kwa miti, wadudu na ndege vizazi na vizazi, na Idara ya Hali ya Hewa imekwenda kuketi nao, wakalinganisha utabiri. Nawaheshimu sana. Lakini mama anayefika mtoni kila alfajiri, anayeiona rangi ya maji kabla ya mtu mwingine yeyote, nani ameketi naye?

Wazee wangu, sasa naingia mahali pazito. Mimi ni mwana wa Kano, nimezaliwa ndani ya mila hizi, na naomba mnisikilize kama ndugu yenu mdogo.

Baada ya mafuriko ya 2024 nilimtembelea mjane mmoja. Nyumba yake ya udongo ililala chini, ukuta mmoja tu umebaki, na kalenda bado inaning'inia kwenye msumari. Alikuwa ameandikishwa akapewa mabati. Mabati mapya, yanang'aa, yamepangwa chini ya mwembe, na mawe mawili juu yasipeperuke. Nilirudi baada ya miezi mitatu. Mabati yako palepale, kuku anataga katikati yake. Nikarudi tena mwezi wa nane. Yameanza kupata kutu kwenye kingo. Mama analala kwenye jikoni ya jirani na wajukuu.

Kwa nini nyumba haijengwi? Ninyi mnajua. Nyumba ya mjane haisimamishwi mpaka arithiwe, mpaka aje jater, mwanamume wa kumrithi. Naye mama huyu alikataa kurithiwa. Ana miaka 58, ana dini yake, alisema mume wake alikuwa mmoja. Basi hakuna fundi aliyethubutu kuchimba shimo la nguzo ya kwanza. Msaada ulileta mabati, mila ikashika misumari.

Babu zetu walipoweka utaratibu huo walikusudia mjane asiachwe peke yake. Hilo ni jema, na ningependa lidumu. Lakini wakati wao nyumba ilikaa miaka 20. Leo mto unaweza kuja mwaka huu na mwaka kesho. Kila mto ukija, mjane arudi kwenye mlango uleule, ajadiliwe upya, apangiwe mtu? Hivyo ndivyo babu zetu walivyotaka?

Mzee mmoja alisema hapana. Hakutoa hotuba. Siku moja alfajiri alikuja na sururu yake na nguzo aliyoikata shambani kwake mwenyewe, akachimba shimo la kwanza kwa mikono yake, akaisimamisha, akasema, "Kama kuna laana, inianze mimi." Saa nne vijana walikuwa wamejaa uwanja. Nyumba ilisimama kwa siku tatu. Mzee huyo ni mzima wa afya, na ameketi hapa leo. Sitamtaja, anajijua.

Na yale ambayo tumekwisha kuyapata, maji yanayachukua. Mnajua jaboya, ile ya kupewa samaki kwa kutoa mwili. Samaki wakipungua, kwa uvuvi uliopita kiasi, kwa uchafu, kwa gugu maji, mwenye mashua anaamua auze kwa mama yupi, na bei yake si fedha peke yake. Akina mama wa ufuo wa Nduru walilikataa jambo hilo. Kuanzia 2011 walipata mashua zao wenyewe, wakaajiri wavuvi, mambo yakageuka: mama ndiye mwenye mashua. Tulijivunia sana. Kisha 2020 ziwa likapanda likakifunika kijiji, watu wakahama, na kazi ya miaka karibu kumi ikaingia majini. Nikiulizwa tabianchi inahusiana vipi na heshima ya mwanamke, huwa najibu kwa neno moja: Nduru.

Juu ya sheria sitakaa sana, maana sheria tunazo. Katiba ya 2010, Ibara ya 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi uondolewe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, ulezi wa watoto na kazi ya shamba kuwa mchango, hata kama si fedha. Tuna Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, na kaunti zimeunda kamati za wadi za kupanga fedha za tabianchi. Kanuni ya theluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, ipo, ingawa Bunge lenyewe halijaitimiza mpaka leo. Ninachouliza ni kidogo: kamati ya wadi yenu hukutana saa ngapi? Kama ni saa kumi na moja jioni, wakati mama anawasha moto, huyo mama ameandikwa kwenye kamati kwa ajili ya hesabu tu. Niliwahi kuketi katika kikao ambacho hoja zilikuwa daraja na kisima, mpaka mama mmoja wa nyuma akaomba vyoo viinuliwe juu ya kimo cha maji, kwa sababu kila mafuriko choo hufurika na kuingia kisimani, na watoto huharisha wiki nzima. Kisima kilikuwa kimejadiliwa saa mbili na hakuna aliyekumbuka choo.

Basi nawaomba nini?

Wazee wa mitaa, kabla hamjaondoka hapa, ketini pamoja chini ya mti ule, mtoke na neno moja juu ya nyumba za wajane zinazoangushwa na maji. Mvua nyingine haitusubiri mpaka tukubaliane polepole. Akina baba wenye mashamba, andikeni karatasi, hata ya mkono, mbele ya mzee wa mtaa na ndugu zenu: mke wangu, au mke wa marehemu ndugu yangu, anaweza kupanda mti na nyasi ya kudumu kwenye kipande hiki, na hakuna wa kuing'oa. Ongezeni na neno juu ya mifugo: akiona hatari, ana ruhusa ya kuwahamisha. Maofisa vijana mlioshika kazi niliyoiacha, nawasihi, futeni swali langu vinywani mwenu. Mkifika bomani, mwulizeni huyo aliyesimama mbele yenu: "Mwenye shamba, habari ya kazi?"

Na lile la onyo tunaanza nalo leo. Pale kwenye meza ya kijani kuna daftari jipya la nambari za simu za kupokea maonyo ya mto. Lile la zamani nimelisoma jana usiku: boma 214, na nambari za akina mama ni 19. Kwa hiyo leo kila boma linaandika nambari mbili, ya baba na ya mama, na mjane anaandika yake na ya mtu anayemwamini. Mama asiye na simu aandike ya jirani aliye karibu, siyo ya mtu aliye Nakuru. Kalamu ziko tatu. Akina mama mlioketi kule nyuma kwenye jua, njooni mbele, anzeni ninyi. Vijana, wapisheni.